Mbio za Alfajiri na Mbuzi wa Bibi

Daktari wa chuo alikuwa na mikono ya baridi na maneno machache. Alinipima kifua, akautazama ulimi wangu, akanigonga goti kwa kinyundo, kisha akaniuliza ni lini mara ya mwisho nilipata usingizi wa maana. Nikamwuliza usingizi wa maana ni upi. Akaweka kinyundo mezani na kunitazama kama mtu aliyekwisha kupewa habari zangu.

Nilikuwa mwaka wa pili, huko ng'ambo ya ziwa, kijana pekee kutoka upande wetu wa Mhunze aliyefika chuo kikuu, na nilikuwa nimeacha kulala. Haikuwa wazimu wala mapenzi. Kila nilipokilaza kichwa, kichwa kilianza kubishana. Mwalimu amesema jambo fulani darasani, amejuaje? Padri wa shule yangu ya zamani alisema kinyume chake, naye alijuaje? Na mimi ninayewauliza wote wawili, nani amenipa kiti cha hakimu? Ningali katika kesi hiyo, kengele ya asubuhi inalia.

"Afya ni vitu vitatu," daktari akasema. "Mwili, akili na watu. Nenda nyumbani ukavitengeneze vyote vitatu."

"Watu wangapi?" nikauliza.

Akaniandikia cheti cha ruhusa. Mkuu wa chuo, aliyeniita kesho yake, alisema mambo yaliyo wazi zaidi. Nikirudi mwanzo wa muhula nikiwa nalala kama binadamu wengine, nitaendelea na masomo. Nikirudi vilevile, nafasi yangu atapewa mwingine, maana waliokuwa wakiisubiri walikuwa wengi. Nikapanda meli hadi Mwanza, garimoshi hadi Shinyanga, na lori hadi Mhunze, na katika safari yote hiyo sikusinzia hata kwa bahati mbaya.

Kwetu tulikuwa wanne. Baba alifariki nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo mama alirudi kwa mama yake, nami nikakulia kwa bibi. Bibi alikuwa mfupi, mwenye meno machache na maneno mengi, na aliyapenda mambo mawili kupita yote duniani: mbuzi wake na mazungumzo. Wa nne alikuwa mjomba, kaka yake mama, aliyefanya kazi miaka mingi katika mgodi wa dhahabu wa Geita. Alirudi na koti la kaki, saa ya mfukoni, na imani kubwa katika chumvi ya haluli, ile dawa ya kufungua tumbo. Mgodini, mtu akiumwa kichwa alipewa chumvi ya haluli. Akiumwa mgongo, chumvi ya haluli. Akimkumbuka mkewe, pia.

"Wewe huna ugonjwa," mjomba aliniambia siku niliyofika. "Tumbo lako limefunga, na mawazo hayana pa kutokea."

Nilikataa ile chumvi. Nilikuja na mpango wangu mwenyewe. Niliandika ratiba kwa wino, nikaibandika ukutani juu ya kitanda. Alfajiri, mbio, kwa ajili ya mwili. Baada ya mbio, maji yaliyochemshwa. Asubuhi yote na mchana, kusoma kivulini pasipo kelele, kwa ajili ya akili. Kulala mapema. Na kwa kuwa daktari alitaja kitu cha tatu, nami sikutaka aseme kwamba nilikipuuza, nikakitafutia nusu saa jioni. Niliandika: *Watu*.

Bibi hakujua kusoma, lakini mjomba alimsomea. Siku ya kwanza, jua lilipoanza kushuka, nilimkuta amesimama mlangoni pangu amevaa kaniki mpya.

"Mume wangu," akasema, maana kwetu bibi humwita mjukuu wake hivyo, "saa yangu imefika?"

"Bado kidogo, bibi."

"Basi nasubiri. Nisije nikaingia kabla ya zamu nikakuharibia dawa."

Alisubiri kweli, ameegemea mwimo, akimuuliza mjomba kila mara mshale wa saa umefika wapi. Nusu saa ilipokwisha alikuwa katikati ya kisa cha jirani aliyeuziwa punda kipofu. Nikamwambia muda umekwisha. Akanyamaza, akainuka, akajifunga kaniki yake vizuri na kutoka. Mpaka leo sijajua yule punda aliishia wapi.

Kulikuwa pia na habari ya chakula. Kwetu wanaume hawali ndani. Jioni moto huwashwa nje, mbele ya nyumba, nao huitwa shikome. Kila mwanamke huleta sahani yake, ugali wa mtama na mlenda au nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, na wanaume wa nyumba za karibu hunawa na kula pamoja, mkono baada ya mkono katika bakuli moja. Mimi nilikuwa nimeona darasani, kwa jicho langu, vijidudu vikicheza katika tone la maji. Nikamwomba mama anipakulie peke yangu, sahani yangu na kijiko changu, ndani.

Mama hakubisha. Alinipakulia. Lakini alikiweka chakula chini taratibu mno, kama anayeweka mzigo wa mtu mwingine.

"Shikomeni wanauliza," akasema.

"Wanauliza nini?"

"Kama unaogopa kurogwa. Na kama unaogopa, unamwogopa nani kati yao."

Nikamweleza habari za vijidudu. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Sawa," akasema. "Lakini hao wa kwako hawaonekani. Wale wa shikomeni wanaonekana, na wamenuna."

Niliona hayo ni maneno ya watu wasiojua. Usiku huo sikulala. Usiku uliofuata pia. Ratiba ilikuwa nzuri, ila ilionekana usingizi haujaisoma.

Sasa nije kwenye zile mbio.

Katika sehemu zetu mtu mzima hakimbii. Watoto hukimbia, ndama hukimbia. Mtu mzima akikimbia, kuna jambo: ng'ombe wameibwa, fisi ameingia zizini, nyumba inaungua. Atakayemwona hupiga mwano, ule ukelele wa juu unaopigwa kwa kiganja mdomoni, na yeyote anayeusikia ni lazima aache alichoshika, achukue fimbo au mkuki na kufuata. Akifika mpaka wa kijiji, kijiji cha pili huupokea mwano na kuendelea nao. Asiyetoka hutozwa faini. Niliyajua hayo yote tangu utoto. Nilikuwa nimeyajua kama mtu anavyojua jina la babu yake: yapo, wala hayafikiriwi.

Siku mbili tatu za kwanza nilikimbia nyuma ya vichaka, hakuna aliyeniona. Kisha mvua ilinyesha, nyuma ya vichaka pakawa tope tupu, nikaamua kupita njia kuu. Nilivaa kaptura na fulana. Kitabu kilisema mkimbiaji apumue kwa pua na mdomo aufunge kabisa, nami nilikuwa mtu wa kufuata kitabu hata nilipokuwa nakitilia shaka. Mbele ya nyumba ya tatu nikakutana na mama mmoja jirani yetu, anatoka kisimani na mtungi kichwani.

"Kuna nini?" akauliza.

Sikuweza kufungua mdomo. Nikanyoosha mkono mbele, kuonyesha kwamba napita tu, naendelea na safari.

Alichoona yeye ni kijana nusu uchi, macho mekundu, ameshindwa hata kusema, anaonyesha upande wa mtoni. Alishusha mtungi. Kisha nikasikia nyuma yangu mwano ambao sijausikia tena wa namna hiyo, mrefu, safi, uliopanda na kukaa juu.

Wazo langu la kwanza lilikuwa: nani ameibiwa? La pili: hao wanaokuja nyuma yangu wamebeba mikuki. Nikaongeza mwendo. Nao wakaongeza. Milango ilifunguka kushoto na kulia, watu wakatoka wakijifunga shuka, na kila aliyetoka alimuuliza mwenzake, na mwenzake alimwonyesha mimi. Nilivuka mpaka wa kijiji. Huko nako wakaupokea mwano kwa uaminifu mkubwa. Kama si mto kujaa kwa mvua ile, nadhani tungefika Shinyanga.

Nilisimama ukingoni, nahema. Kijiji kizima na nusu ya kijiji cha pili wakanizunguka, nao wanahema. Aliyetangulia alikuwa mkuu wa vijana. Kwetu vijana wana mkuu wao, nsumba ntale, ndiye anayewapanga katika kazi na ngoma. Huyu alikuwa na mabega mapana na sauti ya kuitia ng'ombe bonde la pili. Tulichunga pamoja zamani.

"Wako wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Ng'ombe!"

"Ng'ombe gani?"

Akageuka kuwatazama wenzake, kisha mimi. "Unamkimbiza nani?"

"Simkimbizi mtu."

"Nani anakukimbiza?"

"Nyinyi."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa.

"Kabla yetu," akasema mkuu wa vijana kwa uvumilivu, "ulikuwa unakimbilia nini?"

"Afya," nikasema.

Mzee mmoja, aliyekuja na mkuki na kiatu kimoja, alitazama ng'ambo ya mto kwa makini. "Iko upande ule?" akauliza.

Basi nilijishika mbavu nikacheka, na wao wakacheka, na kwa dakika chache mambo yalikuwa mazuri. Ila kucheka hakufuti desturi. Mchana uleule mkuu wa vijana alikuja nyumbani na wenzake, akamwamkia mjomba, "Shikamoo, mjomba," akakaa kwenye kigoda na kutoa hukumu. Watu wametolewa vitandani bure. Ama nitoe mbuzi aliwe na waliokimbia, ama nichukue jembe niingie katika elika, kundi la vijana linalolima mashamba ya watu kwa zamu, mpaka palizi ya pamba iishe.

Nikabisha. Nilibisha vizuri sana. Nilisema sikupiga mwano mimi. Aliyepiga ni yule mama. Nilisema kukimbia si kosa mahali popote duniani. Nikauliza ni nani aliyeitunga sheria hiyo, na kama ilitungwa na watu, kwa nini isitenguliwe na watu.

"Umemaliza?" akauliza mkuu wa vijana.

"Nimemaliza."

"Mbuzi au jembe?"

"Mbuzi," nikasema, maana jembe lingeivunja ratiba yote.

"Mbuzi wa nani?" Hiyo ilikuwa sauti ya bibi, kutoka jikoni. Akatoka na mwiko mkononi. "Mbuzi wangu walikimbia? Nauliza. Alikimbia yule mweusi? Alikimbia yule wa pembe moja? Walikuwa wamelala, watu wenye akili. Aliyekimbia ana miguu, na mikono anayo, alime."

"Basi silimi," nikasema, "na mbuzi hatoki."

Mkuu wa vijana akainuka, akakung'uta suruali. Hakukasirika. Aliniaga kwa huruma kidogo, na hiyo haikunipendeza.

Asubuhi yake mama alikwenda kwa jirani kuazima moto, kama alivyofanya siku zote makaa yetu yalipozimika. Akarudi na kigae kitupu.

"Wanasema wao pia umezimika," akasema. Moshi wa jikoni kwao ulikuwa unapanda juu ya paa, mweupe, mnene, mbele ya macho yetu sote.

Mjomba alitoa kibiriti katika koti lake la mgodini, moto ukawaka, nami nikadhani mambo yamekwisha. Lakini bibi alikwenda kisimani, akawasalimu wanawake, "Mwangaluka!" na hakuna aliyeitikia. Kila mmoja aliutazama mtungi wake. Akarudi njia ya mbali, kupitia kwa rafiki yake wa miaka yote, na rafiki akaingia ndani. Kwetu anayekataa faini hutengwa, na adhabu ilikuwa ya nyumba nzima. Mimi sikuisikia sana. Nilikuwa nimeitafuta hali ile kwa wino na karatasi. Kimya kamili asubuhi mpaka jioni, hakuna anayebisha hodi. Nikakaa kivulini na kitabu changu.

Jioni nikamsubiri bibi mlangoni kwa nusu saa yake. Hakuja.

Nilimkuta zizini. Alikuwa amekaa juu ya gogo anazungumza na mbuzi, tena si kwa mchezo. Alikuwa anamwambia yule wa pembe moja habari za mvua, kisha ananyamaza kidogo, kana kwamba anampa nafasi ya kujibu. Ugali wake wa mchana ulikuwa pembeni, umekauka, haujaguswa.

"Bibi, unaumwa?"

"Siumwi."

Nilimshika mkono nikasikiliza mapigo kama nilivyomwona daktari akifanya. Yalikuwa sawa. Paji la uso halikuwa na joto. Nikamuuliza maswali ya akili: ukoo wetu umeoa wapi, nani anadaiwa ng'ombe wa mahari, mwaka wa nzige ulikuwa kabla ya njaa au baada. Akajibu yote, na moja akanisahihisha.

"Sasa mbona huli?"

"Nile nikamhadithie nani?" akasema.

Mimi ni mtu mgumu kushawishika, lakini sikuwa kipofu. Mwili wake ulikuwa mzima na akili ilikuwa nzima, na mtu mwenyewe alikuwa anapungua mbele yangu kama mshumaa. Nilitafuta hoja ya kulipinga hilo, nikaipata, ilikuwa hoja nzuri tu, kisha nikaiacha. Nikaenda kwa mjomba nikamuuliza jembe liko wapi.

"Hatimaye," mjomba akasema. "Nilidhani utamaliza kibiriti changu." Akalileta jembe, akaupima mpini kwa kiganja. "Geita walitupima kila mwezi kwa mizani, ng'wanone, mwanangu. Nyama tulikula, dawa tulipewa. Jumamosi mchana king'ora kikilia tu, Wasumbwa huku, Wazinza kule, kila mtu anatafuta wa kucheza naye ngoma. Aliyebaki bwenini peke yake, hata awe na misuli ya fahali, mara nyingi hakumaliza mwaka, alitoroka."

"Hiyo haithibitishi kitu," nikasema. "Huenda walitoroka kwa sababu nyingine."

"Huenda," akasema mjomba. "Chukua na chumvi kidogo ya haluli."

Elika ilinipokea kwa shangwe ya kuogofya. Walinipa jina hapo hapo: Bwana Afya. Shamba lilikuwa refu, magugu yamekwisha kuipita pamba. Tulipangwa mstari mmoja, wapiga ngoma mbele yetu wakirudi kinyumenyume, na majembe yaliinuka pamoja na kushuka pamoja. Mtu akilima peke yake hupumzika anapotaka. Kwenye mstari, jembe la kushoto likishuka na la kulia likishuka, lako likabaki hewani, shamba zima linaona.

"Bwana Afya!" aliita mkuu wa vijana kutoka mwisho wa mstari. "Funga mdomo, pumulia puani!"

"Mwacheni, anasubiri ng'ombe wapite!"

"Amenyoosha mkono! Jamani, anaonyesha wapi tena?"

Viganja vyangu vilipasuka kabla jua halijawa kali. Mgongo ulikuwa na hoja zake, wala sikuweza kuzijibu. Lakini niligundua jambo moja la ajabu: muda wote ule sikuwa nimebishana na mtu yeyote kichwani. Hapakuwa na nafasi. Ngoma ilikuwa imekaa kwenye kiti cha hakimu.

Mchana wenye shamba walileta ugali mkubwa kama kichuguu, maziwa ya mgando, na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Tulikaa duara. Nilitazama bakuli moja na mikono mingi, yangu ikiwa imechafuka kuliko yote, nikafikiri habari za lile tone la maji. Tulinawa, niliona tumenawa vizuri, nikala. Kijana wa kulia kwangu akaanza kisa cha mtu mmoja aliyeuziwa punda kipofu. Nikajisogeza nisikie mwisho wake.

Sikuusikia. Ninachokumbuka ni kuamka na kofia ya mtu usoni, jua limehamia upande mwingine. Nilikuwa nimelala palepale nilipokula, tonge la ugali limekauka mkononi. Ngoma ilikuwa inapigwa mbali, upande wa pili wa shamba, na mstari wangu ulikuwa umelimwa. Nilipowafikia, hakuna aliyenieleza ni nani aliyeulima.

"Umeamka?" akasema mkuu wa vijana. "Tulikupigia ngoma masikioni, ukageukia upande wa pili. Mmoja akataka tuite mganga."

Jioni ile mama alikwenda kuazima moto, akapewa makaa mengi kuliko alivyoweza kubeba. Bibi alikwenda kisimani bila mtungi.

Ningependa kusema kwamba nilishukuru, nikafunga domo. Sikufanya hivyo. Nilitaka kujua ni nini hasa kilichonilaza. Ikiwa ni uchovu, basi ni uchovu, na watu hawana lao hapo. Kwa hiyo siku elika ilipopumzika, nilikwenda peke yangu katika shamba la mama, nikalima kwa nguvu zilezile mpaka nikachoka vilevile. Usiku nikalala macho wazi, mgongo unauma, kichwa kinabishana. Siku nyingine nikajidai mgongo umekataa, nikakaa shikomeni jioni nzima nikicheka na kula pasipo kulima kabisa. Nikalala nusu usiku. Nilipomweleza mjomba matokeo hayo, alisema huenda nusu iliyobaki ilikuwa ya chumvi ya haluli. Sikuwa na jinsi ya kumpinga, sikuwa nimeijaribu.

Niliichukua ratiba ukutani nikajaribu kuiandika upya. Nilikwama kwenye kulima pamoja. Je, ni mwili? Ndiyo. Je, ni akili? Kichwa kilitulia pale kuliko kivulini. Je, ni watu? Nani mwingine. Sikujua kulima huko nikuweke mstari gani, kwa hiyo mama akaichukua karatasi akawashia moto.

Palizi ilipokaribia kwisha, nilikuwa nalala kila usiku kama gogo. Na hapo ndipo hatari mpya ilipozaliwa.

Lori la kwenda Shinyanga lilipita barabara kuu asubuhi, mara moja kwa juma. Nikilikosa, nimelikosa garimoshi. Nikilikosa garimoshi, meli imeondoka. Na muhula ungeanza bila mimi, na nafasi yangu ingepata mwenyewe mpya, baada ya kazi yote ile ya kujifunza kulala. Niliagana na kila mtu jana yake. Nikapanga kuamka kabla ya jogoo.

Nikalala. Mama alidhani nimeamshwa na mjomba, mjomba alidhani saa yake iko sawa, na saa yake ilikuwa imesimama. Nilichoamshwa nacho ni ngurumo ya lori likibadilisha gia kilimani.

Nikabeba sanduku kichwani, nikakimbia.

Nilipita nyumba ya jirani aliyepiga mwano siku ile. Alikuwa anafagia. Akainua ufagio, akatabasamu. "Afya njema, baba!"

"Lori!" nikapiga kelele. "Lisimamisheni lori!"

"Leo anasema!" akamwambia mumewe kwa furaha.

Nikalipita shamba ambalo elika ilikuwa inamalizia palizi. Barabara ilikuwa mbele yao kabisa; mmoja wao angeweza kuruka tuta na kulisimamisha lori kwa mkono mmoja. Badala yake mkuu wa vijana, aliyedhani ni mchezo wangu wa kuaga, aliwaashiria wapiga ngoma, nao wakanipigia mwendo wa haraka.

"Bwana Afya! Leo na sanduku!"

"Anaongeza uzito! Ndivyo wanavyofanya chuoni!"

"Lori!" nikasema, lakini pumzi ilikuwa imeisha, na nilichobaki nacho ni kunyoosha mkono mbele. Shamba zima likaangua kicheko. Lori likatokea kwenye kona, likapita mbele yangu, vumbi likaninyeshea.

Ndipo mwano ulipopigwa. Haukuwa safi kama ule wa kwanza. Ulikuwa mkavu, wa meno machache, uliokatika katikati na kuanza tena. Ulitoka nyumbani kwetu. Bibi alikuwa amepanda juu ya lile gogo la zizini, kiganja mdomoni.

Hakuna aliyecheka tena. Majembe yaliinuliwa begani kwa pamoja. Watu wakamwagika kutoka pande zote, na kwa kuwa kulikuwa na njia moja tu, wakajaa barabarani kabla lori halijafika mbali. Dereva, Mnyamwezi mmoja mpole, alifunga breki, akashuka na mikono juu.

"Jamani, nimekosa nini?"

Nilifika nikalitupa sanduku juu ya mzigo, nami nikapanda na kujilaza juu ya ngozi kavu za ng'ombe, siwezi kusema. Chini, mkuu wa vijana alikuwa anatazama huku na huku. Bibi akaja taratibu, umati ukampisha.

"Bibi, wewe ndiye uliyepiga?"

"Mimi."

"Ng'ombe wako wapi?"

"Mimi sina ng'ombe. Nina mjukuu, na lori lilikuwa linamwacha."

Mkuu wa vijana alikuna kichwa. Alinitazama mimi, akamtazama mama, aliyekuwa amefika na fungu la karanga mkononi. "Bibi," akasema kwa heshima yote, "unaijua sheria."

"Niliijua kabla mama yako hajaolewa. Mbuzi. Mchukueni yule wa pembe moja. Nimekwisha kumwambia." Kisha akanigeukia huku juu. "Na wewe, mume wangu, ukilala njiani usiporwe sanduku."

"Bibi," nikasema, pumzi ikiwa imerudi kidogo, "yule punda kipofu aliishia wapi?"

Alifungua mdomo kujibu. Hapo dereva, aliyeona barabara iko wazi, akaondoa gari. Niliona midomo yake ikienda, na mkono ukionyesha ukubwa wa kitu fulani, na watu waliokuwa karibu naye wakaanza kucheka mmoja baada ya mwingine. Nilijaribu kukisia ni nini. Nilikuwa bado nakisia, kichwa juu ya sanduku, ngozi zikinuka vibaya kabisa, nilipolala. Na walioniamsha ni wapagazi wa stesheni ya Shinyanga.